Mgeni Hashushwi Njiani

Kwa miaka ishirini na miwili Nengah Sukerta aliwatembeza wageni kisiwani Bali, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumtembeza baba yake. Si kwamba hakutaka. Kila mwaka alisema, wageni wakipungua. Nao walipopungua, gari lilikuwa na ubovu wake au mpunga ulikuwa tayari kuvunwa. Mzee Renteg hakuwa mtu wa kurudia ombi. Aliuliza mara moja tu, jioni moja, akitafuna tambuu kizingitini.

"Hao unaowabeba kutwa nzima, huwa wanaona nini?"

"Vitu tu, baba. Mlima, maji, mashamba."

"Mashamba haya haya?"

"Haya haya."

"Basi siku moja unipeleke na mimi, nikajue wanachokifuata."

Alikufa Jumapili, kabla siku hiyo haijafika.

Anayeijua habari hii vizuri ni Karmini, dada yake Nengah, naye haisimulii mpaka aombwe, na akiombwa hupunguza sauti hata kama ni mchana. Anasema maiti ililazwa barazani uani, ikisubiri Alhamisi, siku ambayo kuhani aliona inafaa kwa moto wa kuichoma. Jumatatu waliiosha. Karmini mwenyewe ndiye aliyeweka juu ya kila jicho kipande cha kioo, kikubwa kama ukucha, ili mzee akizaliwa tena awe na macho mangavu. Kisha wakamvika nguo nyeupe na kumfunga. Majirani walikesha naye kwa kahawa na karata, maana maiti haiachwi peke yake, na mtoto wa kiume halali wengine wakiwa macho. Kufikia Jumatano Nengah alikuwa hajafumba jicho usiku wa tatu.

Siku hiyo hakupaswa kwenda kazini. Mwenzake mmoja alikuwa amekubali kumshikia safari, lakini alfajiri alipiga simu: mgongo umemkaba, hawezi hata kukaa. Hotelini walikuwa wakisubiri wanawake wawili wazee waliotoka Argentina, walioagiza safari hiyo tangu mwaka uliopita.

"Nenda," Karmini alimwambia. "Tuna msiba, kwa hiyo usitie mguu hekaluni. Simama nje tu. Jioni urudi."

Nengah akanawa uso. Kila asubuhi huweka mbele ya usukani kikapu kidogo cha maua, sadaka ya kulilinda gari, lakini nyumba yenye maiti haitoi sadaka. Akakiondoa kile cha Jumamosi, maua yake yamenyauka, pakabaki patupu.

Kisha akafanya jambo ambalo mtu wa kazi nyingine asingelifanya. Aliufungua mlango wa pembeni wa gari ili afute viti. Alipomaliza, alibaki ameushika mlango wazi, akiwa ameligeuzia baraza mgongo, kichwa kimejaa usingizi, na mdomo ukasema wenyewe maneno uliyoyasema kila asubuhi kwa miaka ishirini na miwili. Aliyasema kwa Kihispania, lugha ya wageni wake, halafu kwa Kibali, kwa kuwa wageni hupenda kuisikia lugha ya wenyeji.

"Karibuni. Pandeni tu. Leo nitawaonyesha kisiwa chote."

Akanyamaza kidogo, kama anavyonyamaza siku zote watu wakipanda. Kisha akaufunga mlango.

Barazani, taa iliyokuwa miguuni pa maiti ikazimika. Karmini aliiwasha tena, akidhani ni upepo.

Wageni walikuwa dada wawili, wote wamepita miaka sabini. Mdogo, Graciela, alikuwa na kamera shingoni na neno kwa kila kitu. Mkubwa, Nélida, alivaa miwani minene kama kitako cha glasi na aliongea kidogo. Walikaa viti vya katikati. Nélida aligeuka nyuma akasema, "Habari za asubuhi, bwana."

"Njema, mama," Nengah akajibu kutoka mbele. Aliona ajabu kidogo kwamba alisalimiwa na mtu aliyempa kisogo, lakini hakulifuata wazo hilo. Usingizi humfanya mtu aache mambo mengi njiani.

Kituo cha kwanza kilikuwa hekalu la chemchemi. Aliwafunga vitambaa viunoni, akawakabidhi kwa mlinzi wa mlangoni, akabaki nje ameegemea ukuta. Alisinzia kwa kusimama. Dada wale walipotoka, nywele zinachuruzika maji, Graciela alikuwa akinung'unika.

"Nimemwambia asiinamishe kichwa sana. Sasa miwani imeingia maji."

"Miwani huwa inaingia maji, Graciela. Ndiyo maana inafutwa." Nélida akamtazama Nengah. "Na yule mzee wako? Naye haruhusiwi kuingia?"

"Mzee yupi, mama?"

"Msaidizi wako. Yule wa kiti cha nyuma. Muda wote alikuwa amechuchumaa hapa, kando yako."

Nengah akacheka kwa adabu, maana macho ya mama huyu yalikuwa ya miwani minene. Akatazama chini. Kwenye jiwe, kando ya kiatu chake, palikuwa na mate mekundu ya tambuu, mabichi.

Aliendesha kimya. Kwenye kila daraja alipiga honi, kama wanavyopiga wote, kuomba njia kwa wasioonekana. Alijaribu kujiambia kwamba watafuna tambuu ni wengi. Ni kweli, ni wengi. Lakini mkeka wa mpira nyuma, alipoutazama kwa kioo cha juu, ulikuwa na tope.

Kwenye ngazi za mpunga, mashamba yaliyokatwa mlimani kama vidato, Graciela alishuka kupiga picha. Nélida alibaki ukingoni na kifuko cha biskuti.

"Nimempa moja, hakuila," alisema. "Lakini ni mtu wa adabu. Ananionyesha kitu kule chini. Mfereji wa tatu. Anatikisa kichwa kama mtu aliyeona kazi mbovu."

Nengah aliuangalia mfereji wa tatu. Ulikuwa umezibwa na majani, na maji yalikuwa yakipotea ukingoni. Hakuna mgeni ambaye angeliona hilo. Hata yeye hakuwa ameliona.

"Mama," alisema polepole, "huyo mzee yukoje?"

"Mfupi. Nguo nyeupe." Nélida akafikiri. "Macho yake nayo ni mabovu, nadhani, kama yangu. Yanang'aa mno. Kila akinitazama, najiona mwenyewe."

Nengah alikwenda nyuma ya gari akampigia dada yake. Karmini aliipokea simu kabla haijalia mara ya pili, kana kwamba alikuwa ameishika.

"Taa imezimika mara tatu," alinong'ona. "Na wanaume wamemwinua sasa hivi wabadilishe mkeka. Kaka, ni mwepesi. Mwepesi kama ungo. Wamemlaza upesi na hakuna aliyesema neno. Umefanya nini?"

Akamweleza. Mlango. Maneno.

"Hukumwita jina?"

"Nilisema karibuni. Kama siku zote."

"Basi ni mgeni wako. Mgeni hashushwi njiani. Usimkatishe, usimfukuze, usigeuze gari. Mwonyeshe yote uliyoahidi, kisha umrudishe palepale ulipomchukulia. Na mtu mwingine asimkaribishe popote. Akikaribishwa kwingine, atakwenda."

"Na asiporudi?"

"Kesho tutachoma nguo," Karmini alisema. "Nguo tupu. Na yeye atazunguka na magari ya watu mpaka lini, sijui."

Nengah alikaa kwenye usukani. Mikono ilikuwa mizito. Alikuwa na mchana mzima mbele yake na hakuwa na nguvu ya hata saa moja. Kwa kawaida, akichoka, huimba maelezo yake kama kasuku na wageni hawajui tofauti. Siku ile hakuthubutu. Kwenye ukingo wa mlima Batur alieleza jinsi moto ulivyoshuka zamani na kusimama mbele ya kijiji, na akaonyesha kwa kidole jiwe jeusi lilipoishia. Alieleza ziwa, na jinsi maji yake yanavyopita chini ya ardhi mpaka yatokee kwenye mashamba ya watu wasiojua yanatoka wapi.

"Hata yale ya kwetu," alisema. "Maji ya shamba letu yanatoka pale."

Graciela alishusha kamera. "Unaeleza vizuri, mwanangu. Kama unamweleza mtu mmoja."

Walisimama kwa chakula cha mchana. Meza ilikuwa ya watu watatu. Mhudumu alileta sahani nne, na alipoulizwa alisema alihesabu vichwa.

Kituo cha mwisho kilikuwa hekalu la mwambani, magharibi, ambako bahari hutoka na kurudi. Jua lilikuwa limeanza kushuka. Nengah alisubiri kwenye ngazi, mbali na lango. Mzee Renteg alikuwa hajawahi kuiona bahari ya upande huu. Alizaliwa akizungukwa na maji pande zote akafa akiyajua ya mfereji tu.

Dada wale walirudi wakiwa wameshikana mikono. Walikuwa wawili.

"Yeye bado yuko kule," Nélida alisema. "Kwenye mwamba wa chini. Maji yamemfika magotini, wala hasogei. Anatazama tu."

Maji yalikuwa yakipanda. Walinzi walipuliza filimbi, wakawatoa watu. Nengah akashuka mpaka penye mchanga mweusi. Mbele yake palikuwa na mwamba mtupu. Wimbi lilikuja. Likaondoka. Hakuona mtu. Hakuona chochote. Lakini palikuwa na sehemu moja, ndogo, ambapo wimbi lilipasuka kabla ya kuufikia mwamba, kama linavyopasuka kwenye miguu.

Alifungua mdomo. Maneno aliyoyasema mara elfu yakakataa kutoka. Ukisema twende, unamwondoa mtu kwenye kitu alichokisubiri maisha yake yote.

Wimbi likaja tena.

"Nimechelewa, baba," alisema. "Najua. Lakini twende nyumbani. Tafadhali, twende."

Wimbi lililofuata lilipita pale bila kupasuka.

Alipolifikia gari, liliinama kidogo upande wa kushoto, nyuma. Kiti kile kilikuwa kimelowa.

Hotelini aliufungua mlango. Graciela alishuka kwanza, akilalamikia viatu. Nélida alitua mguu mmoja chini, akageuka na tabasamu la mtu aliyelelewa vizuri.

"Na wewe bwana, usituache hivi hivi, njoo kwanza unywe cha..."

Nengah akamshika mkono. Hakuwahi kumgusa mgeni namna ile.

"Mama, nakuomba. Usimkaribishe."

Nélida alimtazama kupitia miwani ile minene. Ilimchukua muda. "Ni nani wako?" akanong'ona.

"Baba yangu."

"Lini?"

"Jumapili."

Mama yule hakupiga kelele wala hakuuondoa mkono wake. Alikiangalia kiti cha nyuma, akainamisha kichwa kama mtu anayeagana kanisani. Kisha akashuka.

"Unaongea na nani?" Graciela aliuliza.

"Na dereva, na nani mwingine. Tembea."

Saa nzima ya kurudi Nengah hakutazama kioo cha juu. Alisikia kutafuna. Taratibu, kwa mdomo usio na meno mengi, kama alivyosikia utotoni akiwa amelala. Mara mbili macho yake yalifumba barabarani, na mara zote mbili kitu kilikigonga kiti chake kwa nyuma, akashtuka, akaushika usukani sawa.

Uani majirani walikuwa wamesimama. Hakuna aliyekuwa na karata mkononi. Nengah aliliegesha gari palepale, magurudumu yakalala kwenye alama zake za asubuhi. Akaufungua mlango wa pembeni, akasimama wima, akasema maneno ya kufungia safari, yale yale anayowaambia wote.

"Tumefika. Asante kwa kusafiri nami. Tazama usisahau kitu."

Akanyamaza kidogo, kama anavyonyamaza siku zote watu wakishuka. Gari likainuka.

Karmini aliwaambia wanaume wamwinue mzee. Wanne walishika. Hawakuweza. Wakamwita wa tano.

"Mzito," mmoja akasema, akihema. "Kawa mzito."

Nengah alilala hapo hapo chini, kwenye udongo, viatu miguuni, na hakuna aliyemwamsha. Alhamisi moto ulishika mara moja. Jioni majivu yalipelekwa baharini.

Wiki mbili baadaye, akiliosha gari, aliingiza kidole kwenye upenyo wa kiti cha nyuma, upande wa kushoto, akakatwa. Akatoa kipande cha kioo, kikubwa kama ukucha. Ukingoni kilikuwa na chumvi iliyokauka na punje za mchanga mweusi. Akampelekea dada yake kwenye kiganja.

"Kimoja tu?" Karmini aliuliza.

"Kimoja."

Hakukigusa. "Nilivifunga mwenyewe ndani ya nguo, vyote viwili. Nguo haikufunguliwa mpaka inaungua." Akakitazama kile kioo. "Basi kwa jicho moja amekwenda. Kirudishe ulipokitoa."

Nengah bado anawatembeza watu. Siku hizi huufungua mlango bila kusema neno, huwaonyesha viti kwa mkono tu, na wengine humwona hana adabu. Akifika kwenye ngazi za mpunga hupunguza mwendo, hata wageni wakiwa wamelala. Kipande kile kipo mahali pake, kwenye upenyo, kimetazama dirishani. Hajawahi kukifuta, wala hakijawahi kushika vumbi.