Miezi Mitano Nampunguzia Ukali

"Nani anagusa kazi zangu nikishatoka?"

Nilisimama mlangoni pa studio na mkoba begani, sijui niingie au nikimbie. Mchumba wangu ni fundi sauti, na macho yake yalikuwa kwenye kompyuta.

"Wimbo huu niliumaliza jana saa kumi. Hapa panaonyesha umefunguliwa tena saa kumi na mbili, sauti kali za juu zimepunguzwa. Ufunguo tunao mimi na wewe tu."

"Ni mimi."

"Umetumwa na Mzee wa Spika?"

Mzee wa Spika ni rafiki yake wa utotoni. Mwezi uliopita alisema kwenye grupu lao la wapenda muziki kwamba spika mpya alizozirekebisha mchumba wangu zinachoma masikio. Mchumba wangu akamjibu mbele ya watu sitini: "Wewe una masikio ya mbao." Hawajasalimiana tena. Mimi nilijua nani kakosea, nikafyata mkia.

"Hakuna aliyenituma. Nimefanya hivi miezi mitano."

"Miezi mitano unanifanya mjinga? Kila mtu na sikio lake. Kama lako linapenda sauti zilizofifia, ungesema."

Alipokuwa akiendelea kufoka nilitoa simu, nikabonyeza, nikaiweka mezani.

"Unasikia hiyo?"

"Ipi?"

"Filimbi nyembamba ya kupimia masikio. Inalia tangu nilipoweka simu hapo. Mimi hadi meno yananiuma."

Aliiweka simu kwenye sikio la kulia, kisha la kushoto. Akaitazama. Machozi yakanitoka kabla yake.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa. Kazi hii ndiyo roho yako."

"Ukaniacha nimtukane rafiki yangu."

"Ndiyo. Hilo ndilo linanitafuna."

Alizunguka chumba mara tatu, akakaa, akasimama tena. Kisha akaandika kwenye grupu: "Kaka, spika zinachoma kweli. Nisiyesikia ni mimi. Naomba radhi mbele ya wote."

Jibu halikuchelewa: "Yameisha. Kesho nakupeleka kwa daktari wa masikio. Na mimi la kulia linavuma, nilikuwa naona aibu kwenda peke yangu."

Akacheka kidogo, lakini si na mimi.

"Harusi ni wiki sita zijazo," akasema. "Siwezi kuishi na mtu anayenihurumia kimyakimya."

"Sikukuhurumia. Nakupenda, nikakosea njia."

"Siku nyingine ukisikia nimeharibu?"

"Nakwambia hapohapo."

"Mbele ya wateja?"

"Hata mbele ya mama yako."

Alivuta kiti cha pili karibu na chake. Akaurudisha wimbo kama alivyouacha yeye jana, bila mkono wangu, akaupiga. Haikufika nusu dakika nikamwambia asimamishe. Alikunja uso, nikaona hasira inampanda. Nusura niseme ni pazuri tu.

"Sema," akasema.

Nikamwambia kila palipochoma, na yeye akaandika.