Aliyekaa Ndani ya Kombi

Haya yalimpata yaya Hortense, dada yangu mkubwa, hapa hapa Bunia, mchana kweupe, watu wamejaa. Mimi ndiye niliyefungua mlango, na ya kabla sijafika alinisimulia mwenyewe.

Mume wake, Delphin, ni fundi wa magari. Aliipata kombi ya zamani huko Djugu, imesimama miaka na miaka nyuma ya nyumba ya watu, migomba imeizunguka. Ilikuwa kombi ya safari: kitanda nyuma, jiko dogo la gesi, mapazia ya maua. Aliihangaikia msimu mzima mpaka ikanguruma. Yalipotangazwa maonyesho ya magari ya zamani kwenye uwanja wa parokia, kule mtaa wa Ngezi, furaha ilimkosesha usingizi.

Jumamosi ile magari yalipangwa kwenye nyasi, boneti wazi: Land Rover za wamisionari, Peugeot za wafanyabiashara waliotoka Butembo. Kombi iliwapendeza wengi. Hortense alisimama mlangoni na kitenge chake cha kijani, akiwaeleza wageni.

Mama mmoja alichungulia dirishani, akainamisha kichwa kwa heshima. "Jambo, mama." Kisha akamgeukia Hortense. "Mama yenu iko anachoka. Mumupatie hata maji."

Ndani hakukuwa na mtu. Hortense alicheka, akasema ni pazia tu. Baadaye watoto wakaja kwenye dirisha la nyuma, wakawa wanapunga mikono. Hawakuwa wanacheka.

Alasiri mvua ikamwagika. Watu wakakimbilia chini ya hema. Hortense akaingia kombi kufunga madirisha, na mlango ukateleza nyuma yake, ukajifunga.

Akavuta kitasa. Hakikusogea. Akaita, "Delphin!" Sauti ikamrudia, kama ya mtu aliyesema ndani ya mto wa kulalia. Matone aliyaona yakipiga kioo, lakini mvua haikusikika. Kimya kabisa.

Akajaribu milango ya mbele. Imekaza. Akapiga kioo kwa ngumi. Kwa kiatu. Kwa sufuria. Chini ya hema Delphin aligeuka, akaitazama kombi kama mtu anayetazama gari tupu. Halafu akamwambia kitu mwanamke aliyemshika mkono.

Mwanamke yule alivaa kitenge cha kijani. Alikuwa Hortense.

Akamtazama dada yangu moja kwa moja, kupitia mvua. Midomo ikacheza. Mnong'ono ukamfikia yaya hapa, sikioni.

"Kaa. Na miye nilikaa."

Wakati huo ndipo nilipofika, nimewaletea chakula, bugali na sombe ya majani ya muhogo. Nikakimbilia hemani, nikamsalimia yaya. Alitabasamu, mdomo umefungwa. Sote tulikuwa tumelowa. Kitenge chake kilikuwa kikavu.

Nikaona kombi inatikisika.

"Nani iko mu kombi?" nikamuuliza Delphin.

"Hakuna muntu. Pengine ni upepo."

Upepo haukuwepo. Nikaweka sahani chini. Yule mwanamke akanisogelea, bila kuuachia mkono wa Delphin. Pumzi yake ilikuwa baridi. Sauti haikuwa ya yaya, ilikuwa ya bibi kizee.

"Muache," alinong'ona. "Atazoea."

Nilikimbia. Mlango ulifunguka kwa kidole kimoja. Hortense akaniangukia kifuani, kucha zimevunjika, sauti imekwisha. Vioo vyote vilikuwa na alama za viganja vyake, na dari pia. Alikuwa ndani kwa muda wa mvua ile tu. Akanishika uso kwa mikono yote miwili.

"Tuko mwaka gani?" akaniuliza.

Nilipotazama nyuma, Delphin alikuwa peke yake hemani, vidole vyake bado vimekunjwa juu ya hewa. Analia. "Alikuwa ananishika," akasema. "Sasa hivi alikuwa ananishika."

Kombi ilivutwa kwa kamba mpaka nje ya mji, mafundi wakaikata vipande. Sauti ya Hortense ilirudi. Siku hizi haingii chumba ambacho mlango wake unafungwa.

Delphin hajawahi kuvaa pete. Anaogopa ikwame kwenye injini. Lakini jioni ile, akinawa, aliona alama kwenye kidole cha pete: mfereji mweupe, kama wa mzee aliyevaa pete ya ndoa tangu ujana wake. Tulidhani itapotea. Kila ninapomsalimia naitazama.

Inazidi kuingia.