Nyuki Waliokufa na Mizigo Yao

Kabla ya kengele ya kipindi cha kwanza, mlezi wa bweni la wasichana alikuta nyuki wamekufa. Walitapakaa chini ya mirehani iliyochanua, nyuma ya maabara ya chuo, weusi na wadogo kama mbegu za papai. Aliinama kuwatazama. Viganja vilikuwa vinamwasha tangu jana jioni. Akavikuna kwenye gauni.

Mwanafunzi aliyewatunza, ambaye wenzake walimwita Malkia, alikuja mbio akapiga magoti.

"Mama, nani kawaua? Hawa ni nyuki wasio na mwiba, hawaumi hata mtoto mchanga! Na maboga ya chuo nani atayachavusha?"

Saa mbili Mkuu wa Chuo alikuwa ameshampata mtu wake: mlinzi wa usiku. Alikuwa amesikika akilalamika kwamba nyuki wanamwingia masikioni, na kwamba siku moja atawapulizia dawa. Tena usiku ufunguo wa stoo ya dawa hukaa kwake.

"Ikifika saa sita awe ameondoka kwenye nyumba ya chuo," Mkuu alisema.

Mlinzi alikuwa mdogo wake mlezi, wa tumbo moja. Mkewe alikuwa amejifungua jana mchana.

"Dada, ulikuwa utani tu," alisema. "Mtoto wa jana nitampeleka wapi?"

"Nyamaza, baba. Nipe muda."

Alianza na mpishi, ambaye kila siku aligombana na nyuki kwenye sukari.

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Niwe wapi mimi? Kwenye sufuria! Maharage yangeungua chuo kizima kingenichinja. Muulize mumeo, yeye ndiye hakuja kula. Sahani yake nimeimaliza mimi, asinidai."

Mlezi hakucheka. Alirudi kwa Malkia, aliyekuwa akiwaokota nyuki mmoja mmoja na kuwaweka kwenye kisahani.

"Haya madonge ya njano miguuni ni nini?"

"Chavua, mama. Wanaitoa mauani, wanaipeleka nyumbani."

"Na usiku wanabeba?"

"Hapana. Usiku wanaziba mlango wao kwa nta, hatoki hata..." Msichana alikatiza maneno. Akatega sikio kwenye sanduku la nyuki. "Mama, humu ndani wapo! Wanavuma!"

"Basi dawa haikupulizwa usiku, wala haikupulizwa kwenye sanduku. Ilipulizwa mauani, mchana, hawa wakiwa kazini. Na mchana mdogo wangu alikuwa hospitali na mkewe."

"Kwa hiyo amepona!"

"Amepona," mlezi alijibu.

Alishika njia ya nyumbani. Mumewe alikuwa mtunza bustani wa chuo, na ovaroli yake ilikuwa bado kambani. Jana jioni mlezi aliifua kwa mikono. Ilikuwa na michirizi miwili myeupe mabegani, pale inapokaa mikanda ya bomba la kupulizia dawa. "Chokaa hiyo," mumewe alikuwa amesema. "Nimepaka miti." Mlezi aliitazama miti ya njia nzima. Hakuna hata mmoja uliopakwa.

Aliishika pindo lake. Angeweza kuiloweka tena. Watoto wao watatu walikula na kusoma kwa ovaroli ile. Mwishowe akaichomoa kambani.

Saa sita ilipokaribia, ofisini kwa Mkuu, mlinzi alisimama mlangoni na mabegi yake, na mtunza bustani naye alikuwa ameitwa. Mlezi aliitandaza ovaroli mezani, akaeleza yote, kisha akamgeukia mumewe.

"Fungua shati, baba watoto. Mabega yako nayo hayakuwashi?"

Mtunza bustani hakufungua. Aliketi chini, sakafuni.

"Mkuu, ulisema wageni wa Ijumaa wakikuta jani lenye tundu, nitafute kazi kwingine. Viwavi walikuwa wanaimaliza mirehani. Najua ikichanua haipuliziwi. Nikangoja watu waende kula."

"Na mimi, shemeji?" mlinzi aliuliza. "Umeniangalia nikifunga mizigo, kimya."

"Wewe bado kijana. Kazi ungepata. Mimi nani atanichukua?"

Mkuu hakumtazama mtu. "Mlinzi arudi kwake," alisema. "Wewe, saa sita ni ile ile."

Mtunza bustani aliinua macho kwa mkewe. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu nilipowaona wale nyuki," alisema, akijikuna viganja. "Nimekwenda kwa mpishi, nimekwenda kwa Malkia. Kote huko nilikuwa naomba kinachoniwasha kiwe sabuni tu."