Kaboni Mbichi

Dhahabu ilikuwa mezani, tonge moja la njano, na hakuna aliyekuwa na habari nayo. Macho yote yalikuwa kwa mzee Bujiku, mchomaji dhahabu wa mtambo, aliyefungwa kamba mikono na miguu, shati limechanika, jicho moja limevimba.

"Mwizi wetu ndiye huyo!" alifoka Melania, kiongozi wa kikundi cha akina mama wachimbaji kutoka Nyarugusu. Nyuma yake, getini, watu walikuwa wamejaa, na mmoja wao alishika dumu la petroli bila hata kulificha. "Mkimtorosha, mtambo huu tunauchoma leo leo!"

Inspekta Justa Mayala wa kitengo cha makosa ya mtandao, Shinyanga, ndiyo kwanza alikuwa anashuka kwenye gari. Alimtazama mama yule aliyekuwa akitetemeka kwa hasira, akafanya jambo ambalo Koplo Donatus, msaidizi wake, hakulitegemea. Alimsalimia kwa Kisukuma, kama mwana anavyomsalimia mama yake.

"Mwangaluka, mayu."

Msukuma akisalimiwa hawezi kuacha kuitika, hata kama nyumba inaungua.

"Mwangaluka," alijibu kwa shingo upande.

"Nipe nafasi nifanye kazi yangu. Nikishindwa, nitakuja kukwambia mimi mwenyewe, hapa hapa getini. Lakini mtu huyu asiguswe tena."

"Mpaka jua lianze kushuka," Melania alisema. "Likishuka, usinilaumu."

Justa aliuma midomo. Asubuhi nzima ilikuwa mbele yake, na tayari aliiona fupi.

Mtambo huo, mali ya Mzee Ahmad, uko nje kidogo ya Kahama, njia ya kwenda Kakola. Wachimbaji wadogo hupeleka hapo kaboni, chembe nyeusi kama mkaa uliopondwa, ambazo zimekwisha kunasa dhahabu kutoka kwenye mchanga wao. Mzigo wa mteja mmoja hautoshi kuendesha mtambo. Kwa hiyo mizigo ya wateja kadhaa huchanganywa katika tangi moja, dhahabu hutoka tonge moja, na kompyuta ndiyo hugawa: fulani achukue hiki, fulani kile. Ikigawa vizuri, kompyuta husifiwa. Ikigawa vibaya, hupigwa mchomaji, maana kompyuta haina mbavu.

Bujiku aliingizwa stoo, akafunguliwa kamba. Justa alikaa mbele yake juu ya gunia.

"Umeiba?"

"Sijaiba, afande."

"Kwa nini wanakutaja wewe?"

"Mimi ndiye ninayekaa na moto. Mgao wa kikundi cha Melania umetoka nusu ya walivyozoea. Wataanzia kwa nani?"

"Nani hapa anaweza kusema kwamba wewe ni mkweli?"

Bujiku alijaribu kutabasamu, mdomo ukamuuma. "Feisal, fundi wa kompyuta. Amemchumbia binti yangu, Noela. Kama si yeye kunilalia juu asubuhi, wangenimaliza."

Kweli, Feisal alikuwa nje ya mlango na kikombe cha maji ya kunywa, shavu lake nalo limechubuka. Kijana mwembamba, mtaratibu, mwana wa mjini Kahama aliyelelewa na mama peke yake. Alipoingia, alimpa Bujiku maji kwa mikono miwili. Justa alimpenda papo hapo, na baadaye alijichukia kwa hilo.

Kwanza Justa aliamuru tonge lipimwe upya, yeye akisimamia. Kisha akaomba majibu ya maabara, akakokotoa dhahabu iliyotakiwa kutoka katika mizigo yote kwa jumla. Alirudia hesabu.

"Donatus! Tonge limekamilika. Hakuna hata chembe iliyopotea jikoni."

"Sasa nini kimeibwa, afande?"

"Dhahabu iko pale pale mezani. Kilichoibwa ni mgao."

Feisal aliwakaribisha kwenye chumba chake, akaeleza mambo kwa furaha ya fundi anayependa kazi yake. Programu ya mgao ilikuwa kwenye kompyuta ya mezani, lakini yenyewe haikutunza kitu. Uzito ulikaa kwenye hifadhidata ya mizani. Ubora wa kaboni ulikaa kwenye hifadhidata ya maabara. Hifadhidata hizo zilitengenezwa na watu tofauti, na hazikusikilizana hata kidogo.

"Ndipo nikaweka programu-jalizi hii," alisema, akigusa kioo. "Inaziunganisha zote mbili na programu. Kila kisanduku unachokiona hapa kina ulizo lake la SQL, yaani swali linalopelekwa kwenye hifadhidata, na ramani yake: wewe chukua namba kutoka safu hii, ya jedwali hili, la hifadhidata ile. Mtumiaji haandiki uzito kwa mkono. Hakuna pa kudanganya."

"Hongera," alisema Justa, na alimaanisha. "Hebu inuka kidogo."

Alikaa kwenye kiti. Hakuigusa programu. Aliingia moja kwa moja kwenye hifadhidata ya mizani, akaandika ulizo lake mwenyewe, akaomba uzito mkavu wa wateja wote wa tangi la leo. Namba zikashuka. Alizilinganisha na zile za kioo cha programu.

Hazikufanana. Hata moja!

Alifungua ramani ya programu-jalizi. Kisanduku kilichoandikwa "uzito mkavu" hakikuchota kwenye safu ya uzito mkavu. Kilichota kwenye safu ya uzito wa kupokelea, ule unaopimwa getini kaboni ikiwa bado mbichi, kabla ya kuingia kwenye tanuri la kukaushia.

"Feisal. Hii ni nini?"

Kijana aliinama, akatazama. "Niliisasisha programu-jalizi hivi karibuni. Labda ramani imejivuruga yenyewe."

"Ramani imehifadhiwa kwa jina lako la mtumiaji."

"Nywila yangu inajulikana na ofisi nzima, afande. Tazama."

Justa aligeuka. Nywila ilikuwa imebandikwa ukutani kwa gundi, kwa herufi kubwa, karibu na kalenda. Mzee Ahmad, mwenye mtambo, alikohoa kwa aibu mlangoni.

"Mimi ndiye niliyeibandika," alisema. "Mafundi wakisafiri, kazi husimama."

Justa alitamani kucheka, akatamani na kulia. Jua nalo halikuwa likimsubiri. Kosa lile lilimhusu kila mteja sawasawa, kwa hiyo lingeweza kweli kuwa bahati mbaya. Ni nani angefaidika kwa kupimiwa kaboni mbichi, ikiwa wote wamepimiwa mbichi?

Ndipo akamkumbuka baba yake. Baba alilima tumbaku Ushetu, na kila msimu alilalamikia jirani aliyenyunyizia majani yake maji kabla ya kuyapeleka mizani. Majani yaliyolowa ni mazito, na mnunuzi asipokuwa macho hununua maji.

Alitoka mbio hadi getini. Watu wakasogea, wakidhani analeta habari.

"Mayu Melania! Kaboni yenu mnaileta ikiwa imelowa?"

"Ilowe kwa nini?" Melania alimtazama kana kwamba ameuliza swali la kitoto. "Tunakodi pikapu, na mwenye pikapu anatoza kwa uzito. Tunaianika kwenye turubai mpaka inakauka kau. Wachimbaji wote hufanya hivyo. Nani anayelipia usafiri wa maji?"

"Hicho ndicho ninachokitafuta," alisema Justa. "Anayelipia usafiri wa maji."

Alirudi kwenye kompyuta akiwa karibu kuruka. Aliandika ulizo jingine: kwa kila mteja, toa uzito mkavu kwenye uzito wa kupokelea. Wote, maji yao yalikuwa kidogo, ya kupuuzwa. Mmoja tu ndiye aliyekuwa ameleta maji mengi kupindukia, na si leo pekee. Tangu ramani ibadilishwe, kila mzigo wake ulikuja umelowa chapachapa.

Jina lake lilikuwa Marselino.

"Anakuja saa hizi kuchukua mgao wake," alisema Mzee Ahmad, akifuta jasho. "Na analeta mzigo mwingine."

Hawakukaa sana. Pikapu nyeupe ilikata kona, ikaingia barabara ya mtambo, na nyuma yake vumbi lilikuwa na mstari mweusi wa maji yaliyokuwa yakichuruzika kutoka kwenye magunia. Donatus alisimama katikati ya njia, mkono juu. Dereva, Marselino mwenyewe, aliona sare, akafunga breki, akafungua mlango, akachomoka.

"Mkamate!"

Marselino alikatiza shamba la mpunga. Donatus alimfuata kwa ari yote, akateleza kwenye tuta, akaingia kwenye tope hadi kiunoni. Lakini akina mama wa Nyarugusu walikuwa wamemfuata Justa hadi dirishani na kuyasikia yote, na hawakuwa na sare ya kuogopa kuichafua. Walimzunguka pande zote wakipiga vigelegele kama watu wa harusini. Melania ndiye aliyemdaka ukosi.

Mwenye dumu la petroli naye alikuwa amefika. Justa alijipenyeza hadi katikati, akamkumbatia Marselino kwa nguvu, mgongo wake kwa watu.

"Mkimwaga, mnanimwagia na mimi!" alipiga kelele. "Mayu, asubuhi mlikuwa na hakika vile vile, na mlikosea! Bujiku ameteseka bure!"

Melania alilipokonya dumu lile, akalitupa mpungani.

"Sema," alimwambia Marselino. "Sema haraka kabla sijabadili mawazo."

"Si mimi peke yangu!" Marselino alilia, meno yakigongana. "Ni Feisal! Aliniambia, wewe lowesha tu, mengine niachie mimi. Tunagawana nusu kwa nusu!"

Feisal hakukimbia. Walimkuta chumbani kwake, amekaa, mikono juu ya meza. Kioo mbele yake kilionyesha ramani, na kisanduku cha uzito mkavu kilikuwa kimerudishwa kwenye safu yake halali. Bujiku alikuwa amesimama mlangoni, kikombe kikiwa bado mkononi. Alikuwa amekuja kumshukuru.

"Ulibadilisha wewe?" Justa aliuliza.

"Mimi."

"Na ukamwacha huyu mzee apigwe?"

"Sikujua watamshika yeye!" Sauti ilimkatika. "Nilidhani watailaumu mashine. Walipomfunga, nilitaka kusema. Nilijilaza juu yake, nikapigwa, na bado mdomo ukakataa."

"Mshahara wako si mbaya. Ulitaka nini?"

Feisal alimtazama Bujiku, kisha sakafu.

"Ng'ombe," alisema. "Mahari ya Noela. Nilikwenda kwao na mama yangu, hatukuwa na mzee mwingine wa kutusemea. Nikatajiwa kundi zima. Mshahara wangu wa miaka na miaka usingefika. Nikasema sawa. Kila Marselino alipouza dhahabu, nilinunua ng'ombe, nikapeleka. Wa mwisho wamefika zizini wiki hii. Nampenda, afande. Sikuwa na njia nyingine."

Bujiku aliweka kikombe chini. Justa alitegemea tusi, au kofi, na hata yeye angemwelewa. Mzee alimkaribia kijana, akainama kidogo ili macho yao yakutane, na jicho lake lililovimba lilikuwa linatoa machozi kama lile zima.

"Siku ile uliposema sawa," alisema polepole, "wazee wangu walitazamana. Walifikiri una mali iliyofichwa. Hakuna mtu kwetu anayekubali idadi ya kwanza, Feisal. Anakataa, anaondoka kwa hasira, anarudi na wazee wengine, tunakula, tunagombana, tunapunguza. Ningekupa binti yangu kwa ng'ombe wachache tu. Ile ilikuwa ya kuanzia, mwanangu. Tulikuwa tunangoja ukatae."

Feisal alilia kwa sauti, kichwa juu ya kibodi ya kompyuta, na herufi zisizo na maana zikajaza kioo.

Bujiku alimgeukia Melania, aliyekuwa amesimama nyuma ya polisi.

"Ng'ombe ni wenu," alimwambia. "Twendeni mkawachukue. Wakitoka zizini, uchumba umekufa, na atakayemwambia Noela ni mimi."

Melania hakuweza kumtazama usoni. Alitoa khanga yake ya begani, akamfunika mzee shati lililochanika, na wakatoka pamoja.

Justa alimfunga Feisal pingu mwenyewe.