Bloku Moja Iliyokataliwa

Marehemu alikuwa kalala kifudifudi chini ya meza ya kompyuta, kisogo kimepasuka. Betri nzito ya akiba iliyompasua ilikuwa pembeni, imefutwa alama za vidole. Feni za mashine ziliendelea kuvuma bila haya.

Inspekta alishamchukia marehemu, tangu aliposoma mabishano yake mtandaoni. Fundi huyu alitunza nakala ya mnyororo wa sarafu ya kidijitali, ule ambao bloku, yaani fungu la malipo na maandishi, ikishaingia haifutiki tena, kwa kuwa nakala zake ziko kwenye maelfu ya mashine. Alidai kila anayelipa ada aandike humo atakacho: picha, matusi, chochote. Mpinzani wake mkuu, mtu aliyejulikana kwa jina la Fagio, alishikilia kuwa mnyororo ni wa pesa tu. Wiki iliyopita alimwandikia: "Utajutia kinywa chako."

Fagio akaletwa kituoni, kanuna.

"Ulimtishia."

"Na kumtukana nilimtukana. Mbona hilo huliulizi?"

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Kwangu, nabishana na watu kibao mtandaoni. Waulize."

Inspekta akamsukumia picha ya kioo cha kompyuta ya marehemu. "Nisomee hii."

Fagio akainama. Mnuno ukamtoka. "Mashine imekwama. Mtu kaiamuru ikatae bloku moja ya juzi, na ikikataa hiyo haipokei zinazofuata. Wazimu huu, afande. Mashine nyingine zote bado zinayo."

"Si wewe unayetaka takataka zikataliwe?"

"Mimi nazichukia zote. Huyu kachukia moja."

"Ina nini ndani?"

"Sijui. Sifungui uchafu wake."

Koplo wa makosa ya mtandao akaifungua bloku hiyo kutoka mashine nyingine. Katikati ya malipo ya watu kulikuwa na picha: mke wa marehemu kitandani hospitali, kifua wazi, titi moja limekatwa, kidonda kibichi. Mumewe aliandika chini yake: "Haya Fagio, futa na hii."

Koplo akatukana. Inspekta hakumkemea.

Mshirika wa marehemu kazini alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe. Aliingia chumba cha mahojiano akiwa mkavu.

"Sikuwepo," alisema.

"Nywila ya mashine mnayo wawili. Mwenzako yuko mochwari."

"Hiyo haitoshi."

"Basi endelea kukana. Picha itakuwa kielelezo. Hakimu ataitazama, mawakili wataitazama, na dada yako ataitwa kuitambua mbele yao."

Shemeji alimkazia macho. "Huna utu wewe."

"Sina. Sema."

"Nilimtaka akiri amemkosea dada, basi. Akacheka. Akasema mke ni wake, picha ni yake, na mabishano ameshinda. Nikashika betri."

"Na bloku? Fundi mzima, hukujua haifutiki?"

"Nilijua." Machozi yakamtoka. "Nilitaka walau mashine moja duniani isiwe na picha hiyo ya dada yangu."

"Ameiona?"

"Hata hajui kama ipo. Nakuomba, afande."

Akatia saini maelezo yake. Inspekta akatoka nayo mkononi hadi mapokezi, alikokuwa ameketi mjane, kajikunyata, khanga kaibana kifuani. Aliposimama alishikilia ukuta.

"Nimechoka, afande," alisema. "Mwiteni kaka yangu aje anirudishe nyumbani."