Mgongo wa Mtoto Hufungwa Mapema

Kila alasiri Mgeni na mama mkwe wake, Bi Kuruthumu, hukunja sambusa za kuuza uani kwao Kaole. Siku hiyo Mgeni alikuwa na jambo moyoni. Yeye na mumewe, Mikdad, walitaka mtoto. Lakini mtoto wa dada yake alizaliwa na mgongo wazi, na Mgeni aliogopa wa kwake asije akawa hivyo.

Jirani yao Adila, muuguzi wa zahanati, alipiga hodi.

"Shikamoo, Bi Kuruthumu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ila usizimalize kwa macho!"

Mgeni alijikaza, akaeleza hofu yake.

"Nikishika mimba, nitakuja kliniki tumbo likionekana," alisema.

"Ndiyo desturi," Bi Kuruthumu alidakia. "Mimba changa haitangazwi. Watu wana husuda."

Adila hakubisha. Alichukua donge la unga, akanyofoa kipande, akalifinyanga. Likawa duara tena.

"Siku za mwanzo kabisa mtoto yuko hivi. Ni donge dogo mno la chembe hai. Zikipotea chache, nyingine huongezeka na kujaza pengo."

Kisha akakunja manda. "Baadaye hutokea utando bapa kama huu. Unajikunja, kingo zinashikana, unakuwa mrija. Mrija huo ndio unaokuwa ubongo na uti wa mgongo. Kingo zisiposhikana, mgongo hubaki wazi. Pengo hilo halijifungi tena lenyewe."

"Hufungwa lini?" Mgeni aliuliza.

"Kabla mimba haijatimiza mwezi. Wengi wakati huo hata hawajui kuwa ni wajawazito."

Bi Kuruthumu aliweka sambusa chini. "Kumbe tumbo likionekana..."

"Kazi hiyo imekwisha zamani, Bi. Ndiyo maana vidonge vya foliki asidi huanzwa kabla ya mimba. Havizuii kila kilema, lakini hupunguza sana hatari hii. Njoo zahanati, Mgeni. Kwa kuwa dada yako yalimkuta, daktari atakuambia umeze kiasi gani."

"Majirani wakiviona?" Mgeni aliuliza.

"Basi nitavificha kwenye mkebe wangu wa hiliki," alisema Bi Kuruthumu. "Mikdad mwenyewe hathubutu kuugusa."

Wote wakacheka.

Mgeni alimeza vidonge kila siku. Aliposhika mimba, siri ilibaki nyumbani, lakini kliniki alikwenda mapema.

Alijifungua binti. Bi Kuruthumu alimlaza kifudifudi mapajani, akapitisha kidole polepole kutoka shingoni hadi kiunoni. Akarudia.

"Vipi, mama?" Mgeni aliuliza.

"Umefungika wote, alhamdulillahi. Haya, mpokee mwanao, ana njaa."