Fundi wa Nakuru Kwenye Simu

Ndugu zangu mnaoishi huku ughaibuni kwenye baridi, hasa nyinyi akina baba mnaojua kila kitu, tulieni niwasimulie yaliyowapata majirani zangu hapa Etobicoke. Mama wa nyumba hiyo ameniruhusu, na bado mwili unanisisimka.

Ilikuwa Jumapili ya Januari, mwaka 2011. Jua lilikuwa linawaka juu ya theluji, kwa mama huyo, Kwamboka, kulinukia chai ya tangawizi, na bintiye mdogo, Melissa, alikuwa akizungukazunguka sebuleni na gauni lake la kanisani. Kwamboka ni nesi. Mumewe, Gerishon, ni mtu wa kompyuta ofisini, lakini moyo wake ulikuwa kwenye pikapu yake kuukuu yenye viti vya nyuma, aliyoipenda kama mke wa pili. Mimi nilikuwa nimeingia kuwasubiri wanipe lifti ya kwenda kanisani.

Raha hiyo ilikuwa na dosari. Kwa wiki kadhaa injini ya pikapu ilikuwa ikitetemeka na kukohoa, na Gerishon hakutaka kusikia habari za gereji. Alikuwa na fundi wake: kaka yake wa Nakuru, fundi hodari kweli, sitanii. Gerishon alikuwa akifungua boneti, anampigia simu, kisha anaisogeza simu karibu na injini ili kaka asikilize.

"Hiyo inamisi, haichomi mafuta sawasawa," kaka alisema. "Badilisha plagi."

Akabadilisha. Gari likazidi kukohoa.

"Basi ni koili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi."

Akabadilisha koili. Likatulia kidogo, likarudia. Kisha ikaanza harufu ya moshi mle ndani, na Melissa akawa analalamika kuumwa kichwa kila wakisafiri.

"Baba Melissa," Kwamboka alimwambia mbele yangu, "mtoto akishuka anapona, akipanda anaugua. Hata mimi kichwa kinanigonga. Huo moshi unatuingia. Peleka hii gari iangaliwe huko chini."

Gerishon akacheka. "Wewe ni nesi wa watu, niachie mgonjwa wangu. Nimeuliza kaka. Amesema moshi kidogo si neno, utatoka kwa dirisha."

Jamani! Nakuru watu huendesha vioo vikiwa chini mwaka mzima. Huku Januari tunafunga kila kitu na kuwasha hita. Kaka mtu hakujua kwamba chumvi inayomwagwa barabarani huku hula vyuma vya chini mpaka vitoboke. Habari ya kichwa cha mtoto hakuambiwa kabisa, maana Gerishon aliona haya kukiri kwamba gari limemshinda.

Asubuhi hiyo ya Jumapili Gerishon alitangulia kushuka na Melissa hadi kwenye gari. Akamkalisha kiti cha nyuma, akawasha injini na hita ili mtoto asipate baridi, akafunga mlango. Nyuma ya gari theluji ilikuwa imerundikana hadi kuziba bomba la moshi. Yeye akainamia boneti, simu mkononi.

Tuliposhuka mimi na Kwamboka, tulimsikia akisema kwa furaha, "Sikia, kaka! Leo imeanza kutulia!"

Kwamboka akachungulia kioo. "Mbona Melissa amelala?"

"Wacha apumzike."

Kwamboka akafungua mlango. Hewa nzito ya moto yenye moshi ikatupiga usoni. Akamtikisa mtoto, na kichwa kikaangukia begani.

"Melissa! Wewe, Melissa!"

Alimvuta nje, akamlaza kwenye theluji na gauni lake, akaanza kumpulizia pumzi mdomoni. Mimi nilikuwa nikipiga simu ya dharura. Sijawahi kuogopa kama siku ile. Gerishon alisimama tu, na kutoka mkononi mwake sauti ya Nakuru iliendelea kuuliza, "Plagi zina rangi gani? Gerishon? Mbona kelele?"

Hospitalini waliambiwa kwamba wangechelewa kidogo tu, wangekuwa wanapanga mazishi. Melissa alifumbua macho jioni, akatapika, akamwita mama yake. Gereji ilikuta bomba limeoza na kutoboka chini ya kiti cha nyuma, na ile injini isiyochoma mafuta sawasawa ilikuwa ikimwaga moshi wa sumu ndani ya gari.

Pikapu imeshauzwa kama chuma chakavu. Lakini hata leo, katika gari lao jipya, Melissa hujifinya mkono asisinzie. Na kwenye kila taa nyekundu ya barabarani, Gerishon humwita kwa jina, wala haondoi gari mpaka mtoto aitike.

FUNZO

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Fundi wa nyumbani ni mzuri, lakini simu hupeleka mlio, haipeleki harufu. Mke akisema kuna jambo, msikilize. Mtoto akisema kichwa kinauma, zima injini kwanza, ubishi baadaye. Msiwashe gari ambalo bomba lake limezibwa na theluji, na msimwache mtu ndani ya gari linalonuka moshi, hata kwa dakika chache. Ujuaji wa baba mmoja ulikaribia kuzima nyumba nzima. Gari likiharibika tutanunua spea, lakini mtoto hana spea.